Mawe Meupe ya Munisagara

Nauru, 12 Machi 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta na nguvu zako, pamoja na dada Agness na wanawe, na ng'ombe pia. Mimi ni mzima sasa, ingawa Januari nilikaribia kufa. Tumbo lilinikamata tukiwa baharini. Nahodha akanishusha kwenye kisiwa kiitwacho Nauru, katikati ya Bahari ya Pasifiki, nikapasuliwa kidole tumbo. Nilipopata nafuu, meli ilikuwa imeshaondoka.

Nimepata kazi ya ufundi kwenye karakana ya mashine za kuchimba mbolea. Hii ni nchi kamili, Baba, ina rais, bendera na ndege zake. Lakini ukianza kuizunguka kwa miguu asubuhi, saa sita mchana umerudi ulipoanzia. Udongo wake wote ni mbolea. Wazungu waliichimba miaka mingi, wakaipeleka mashambani kwao. Wenyeji walipopata uhuru wakaendelea kuichimba wenyewe, wakawa matajiri kuliko nchi nyingi za Ulaya. Mpaka leo utakuta nyumba ya watu watano ina magari matatu. Ila mbolea sasa iko ukingoni.

Nikipata nauli ya kurudi nitakuja. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Shilinde


Munisagara, 3 Juni 1995

Kwa Shilinde, kama kweli ni wewe,

Marahaba. Huku hatujambo. Agness anakohoa lakini anapika. Mvua zilikuwa za kuridhisha, mahindi tumevuna.

Barua yako nimeisoma mara nne na sijaiamini hata mara moja. Nchi gani hiyo ya kuzungukwa kabla ya chakula cha mchana? Kijiji chetu tu huwezi kukizunguka asubuhi moja. Na watu wenye magari matatu watamhitaji mtu wa Munisagara awatengenezee mashine kwa lipi? Nilikwenda Kilosa kwa mwalimu Cleopa, akafungua kitabu cha ramani. Alitafuta mpaka akavua miwani akaifuta. Mwisho akaniwekea kidole juu ya kitone, akasema ndicho. Mimi niliona kinyesi cha nzi.

Watu wanasema mengi. Wapo wanaosema uko gerezani Dar es Salaam, na hizi stempu unanunuliwa na mtu. Wapo wanaosema ulishakufa, na kuna mjanja amekamata anwani yetu. Sasa nijibu: ni ng'ombe gani aliyenivunja mguu, na ulikuwa wapi siku hiyo? Mwanangu anajua. Mwingine hajui.

Usimwandikie mtu mwingine hapa kijijini kabla hujanijibu mimi.

Baba yako,
Mhoja


Nauru, 20 Agosti 1995

Baba,

Shikamoo. Mpe pole dada Agness kwa kikohozi, anywe maji ya moto. Mimi ni mzima, na siko gerezani.

Swali lako ni la mtego. Hakuna ng'ombe aliyekuvunja mguu. Mtamba mwekundu alikupiga mbavuni mwaka tuliohamia kutoka Shinyanga, na mimi nilikuwa nimeshika kamba. Niliiachia kwa woga. Hukunichapa. Ulisema utanichapa ukipona, ukapona, ukasahau. Mimi sijasahau.

Acha nikueleze ninachokiona, kwa sababu kinaninyima raha. Hapa kazini yupo mzee mwenyeji anaitwa Cornel, ananipenda kama mwanawe. Juzi alinipeleka katikati ya kisiwa kunionyesha shamba la babu yake. Baba, hakuna shamba. Udongo wote umekombwa, yamebaki mawe meupe yamesimama marefu kuliko mtu, maelfu, mengine yamechongoka kama meno. Huwezi kulima wala kuchunga mbuzi. Hata kupita katikati yake ni taabu. Jua likipiga pale joto linapanda juu kama la tanuri.

Nikamuuliza, "Mzee, mlikubalije?" Akasema, "Kila mwaka waliomba kipande kidogo tu. Na kila mwaka walileta kitu kizuri." Kisha akanionyesha friji lake limejaa nyama ya makopo. Maji ya kunywa yanatengenezwa kwa mtambo kutoka baharini. Mtambo ukiharibika, tunasubiri mvua.

Huyu mzee ana sukari, mguu wake mmoja umekatwa. Ananiambia bora angebaki maskini mwenye minazi.

Niambie habari za nyumbani, hata ndogondogo.

Mwanao,
Shilinde


Munisagara, 29 Oktoba 1995

Shilinde,

Marahaba. Tuko salama. Agness amepona.

Habari ya mtamba umeijibu sawa. Basi ni wewe. Na kwa kuwa ni wewe, nakuuliza jambo zito zaidi: nani amekuandikia?

Usijifanye hujui. Barua ya kwanza haikuwa na habari ya mawe wala mashimo. Ghafla unanieleza mawe meupe, eti wanaomba kipande kidogo, eti wanaleta kitu kizuri. Maneno hayo hayo nimeyasikia hapa, kwa mdomo wa baba yako mdogo Simoni. Tangu Bwana Lupakisyo wa kampuni aje kupima mlima wetu, Simoni hana usingizi. Anazunguka nyumba kwa nyumba akisema tutageuka watu wa mashimo. Nilijua atatafuta msaada. Sikujua atavuka bahari kuutafuta.

Bwana Lupakisyo ni kijana wa heshima. Amepanga nyumba ya wageni Mikumi, lakini kila akija hapa anavua kofia kabla hajaniamkia. Wanataka mawe yetu meupe wayakate ya kutandika sakafu za hoteli. Wameahidi kisima cha pampu na bati za kanisa. Siku hizi kila kitu ni ruksa, mashamba ya mkonge ya Kimamba nayo yanatafutiwa wenyewe wapya. Tukae tunayatazama mawe mpaka lini?

Simoni anataka mlima ubaki wa kwake na watoto wake. Na wewe labda mmekubaliana mgawane nikifa. Mwambie, na wewe ujue, mimi sijatia saini kitu chochote.

Usiniandikie tena habari za mashimo.

Baba yako,
Mhoja


Nauru, 14 Januari 1996

Baba,

Shikamoo. Nakutakia mwaka mwema, wewe na dada. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Naapa kwa kaburi la mama, Baba mdogo Simoni hajaniandikia hata mstari mmoja. Kampuni nimeisikia kwako. Nilieleza nilichokiona kwa macho, basi.

Lakini nimesoma barua yako nikaona kitu. Mimi sikukuuliza habari ya saini. Hata kampuni sikuijua, ningeulizaje saini? Wewe mwenyewe umejitetea kabla hujashtakiwa. Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kumtilia shaka mtu wa namna hiyo. Ulikuwa ukisema hivyo kila ulipotoka kuuza pamba.

Pili, umeandika kisima cha pampu. Cha nini? Tuna chemchemi chini ya mlima, haijakauka tangu tufike. Sisi tunakunywa hapo, Koileken na wafugaji wenzake wananywesha mamia ya ng'ombe hapo. Aliyeahidi kisima anajua chemchemi itapatwa na nini. Mwulize.

Nimemsomea Mzee Cornel barua yako, nikitafsiri. Akasema, "Mwambie baba yako asiwahukumu waliotia saini. Hata sisi hatukuwa wajinga."

Kama hujasaini, usisaini. Kama umesaini, niambie. Sitakudharau.

Mwanao,
Shilinde


Nauru, 2 Juni 1996

Baba,

Shikamoo. Miezi inapita sipati jibu. Ndege inayoleta barua huwa inakosekana, labda ni hilo. Au mnaumwa? Nimemwandikia dada Agness pia, naye kimya. Sasa na mimi nimeanza kufikiri vibaya, kwamba barua zangu mtu anazizuia. Nakuandikia kuuliza tu kama mpo.

Shilinde


Munisagara, 8 Septemba 1996

Mwanangu Shilinde,

Marahaba, marahaba mara zote ambazo sikuitikia. Tupo. Barua zako zote zilifika. Ile ya Agness niliichukua mimi posta, nikaificha kwenye sanduku. Nimempa wiki iliyopita, hajamaliza kunikasirikia.

Nilitia saini. Ilikuwa Mei ya mwaka jana, wiki mbili kabla barua yako ya kwanza haijafika. Nilisaini upande wetu wa mlima, peke yangu, pale Mikumi, kwenye meza ya nyumba ya wageni, na soda mkononi. Sikumwambia Simoni. Ndiyo maana nilikuita mwongo. Kila ulichokiandika juu ya kisiwa hicho nilikuwa nimeshakifanya. Nilitaka kisiwa chako kisiwepo. Nilipokwenda kwa Cleopa nilikuwa naomba ramani isikionyeshe.

Walianza kupasua mlima Februari. Mwezi wa tano maji ya chemchemi yalitoka meupe kama maziwa, na Julai hayakutoka. Pampu waliyoahidi waliifunga, ikatoa maji wiki tatu tu, ikakauka. Koileken alikuja na ng'ombe wake akasimama pale kwenye matope, akaniuliza, "Mzee Mhoja, mlima huu nani aliwapa watu wa kampuni?" Nikamjibu, "Serikali." Aliniamini, Shilinde. Akaondoka akiilaumu serikali. Kuaminiwa kule kuliniuma kuliko mbavu zangu siku ile ya mtamba.

Jumatano iliyopita Bwana Lupakisyo aliitisha mkutano. Sasa wanataka upande wa Simoni. Alivua kofia, akasema ni kipande kidogo tu. Sikujua kama nitasimama, nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Karatasi ya kwanza niliisaini mimi. Si serikali." Pale watu walipiga kelele mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nikawasomea barua yako, ile ya shamba la babu yake Cornel.

Lupakisyo akacheka. Akauliza, "Jamani, hicho kisiwa kuna mtu hapa amewahi kukisikia?"

Nikasema, "Kipo. Mwanangu yuko huko."

Simoni amekataa kusaini, na kijiji kimesimama naye. Upande wao wa mlima umebaki. Wetu ni shimo, na mwisho wake sioni. Simoni hajaniambia neno baya. Ananipa maji ya mtoni nusu pipa kila siku kwa mkokoteni wake, na huo ndio ugumu wenyewe.

Koileken alitoka mkutanoni kabla haujaisha. Kesho yake alihamisha ng'ombe na mkewe Nailantei na watoto, wakaelekea Mkata. Ndama wake wawili walifia njiani kwa kiu, nimeambiwa.

Jumatatu nitakwenda Mkata kwa miguu. Koileken ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini, na siku zote ndiye aliyeniamkia. Safari hii nitamwamkia mimi kwanza. Sijui kama ataitikia.

Baba yako,
Mhoja