Maneno ya Mwenye Kitabu

Nshambya, Bukoba
4 Mei 2025

Kwako Tata,

Assalaam alaykum. Mimi na shangazi Zuena tu wazima. Natumaini wewe na Mama hapo Muleba hamjambo, na watoto wa madrasa pia.

Tata, nina matatizo. Kwenye mtihani wa Kiingereza cha chuo tuliambiwa tuandike kuhusu uvuvi wa ziwa letu. Nikaandika ukurasa mzima wa kitabu chetu cha masomo, kama nilivyoushika kichwani. Mwalimu Clotilda anasema nimenakili kwenye simu. Kamati ya nidhamu inakaa wiki hii, na wakinikuta na hatia nafukuzwa chuo. Usingizi sipati. Niombee dua.

Mwanao,
Nuriat

Muleba
7 Mei 2025

Mwanangu Nuriat,

Waalaykum salaam. Sisi hatujambo, ila presha ya mama yako imepanda tangu asome barua yako.

Kosa lenyewe sijaliona. Umesoma kwangu tangu mdogo: maneno ya mwalimu hayaongezwi, hayapunguzwi, na anayeyabadilisha namrudisha mwanzo. Wewe umeyashika yote, halafu wanakuita mwizi? Waambie wafungue kitabu chao, nawe usome kwa moyo mbele yao. Usitetemeke.

Tata yako

Nshambya
14 Mei 2025

Kwako Tata,

Assalaam alaykum. Mpe Mama pole.

Nilifanya ulivyosema. Mwenyekiti alishika kitabu, nikasoma mpaka akakifunga mwenyewe. La simu limeisha. Lakini Mwalimu Clotilda akaniuliza, "Na wewe hukubaliani wapi na aliyekiandika?" Tata, machozi yalinitoka. Mimi ni nani nimpinge mwenye kitabu? Wakasema basi nimechukua maneno ya mtu bila kumtaja, na huko nako ni kudanganya.

Wamenipa nafasi ya mwisho. Tarehe ishirini na sita naandika upya: nichague mtu, nimtaje jina, nimpinge kwa kutoa sababu. Nikishindwa nafungasha. Nakaa na karatasi tupu, naogopa sana.

Mwanao,
Nuriat

Muleba
17 Mei 2025

Nuriat,

Msalimie shangazi yako. Nimekasirika, sikufichi.

Chuo kinachomfundisha mtoto kubishana na waliomtangulia kinamharibu. Sikukupeleka huko ukapoteze adabu. Rudi nyumbani, watoto wa madrasa wamekuwa wengi, utanisaidia kufundisha. Binamu yako Ismael atakupitia na gari Ijumaa. Akukute umeshafunga mizigo.

Tata yako

Nshambya
2 Juni 2025

Kwako Tata,

Assalaam alaykum. Mama anaendeleaje? Nisamehe kwa kumrudisha Ismael mikono mitupu. Simu zako sikupokea, maana ningesikia sauti yako ningekuja.

Mtu niliyempinga ni wewe. Barua yako ya mwisho niliitafsiri kwa Kiingereza, nikaiweka ndani ya alama za kunukuu, na jina lako kamili, Burhani Lwakatare. Sikuongeza wala sikupunguza. Kisha nikasema sikubaliani nawe. Nikaandika kwamba kila mwaka wewe na rafiki yako Maalim Kagaruki mnabishana kuhusu kuandama kwa mwezi, kila mmoja na kitabu chake mkononi, na mkimaliza mnakaa mnatafuna punje za kahawa pamoja. Kama hiyo ni adabu kwenu, kwa nini kwangu iwe utovu? Nikasema pia kwamba anayekujibu amekusikiliza mpaka mwisho.

Nimefaulu, nimebaki chuoni. Lakini Tata, nangoja neno lako.

Mwanao,
Nuriat

Muleba
20 Juni 2025

Mwanangu Nuriat,

Waalaykum salaam. Mama yako sasa anafika sokoni kwa miguu. Idi tumeila bila wewe, na iliniuma.

Barua yako niliitupa juu ya kabati nisiione. Juzi nikamsomea Maalim Kagaruki, akacheka mpaka kahawa ikampalia. Mimi sikucheka.

Bado nakupinga. Sisi tunabishana baada ya kuhifadhi kitabu kizima, na wewe umehifadhi ukurasa. Hiyo ni sababu yangu ya kwanza, nyingine bado naziandika. Kaa hukohuko chuoni, unijibu.

Tata yako