Ubao wa Mabingwa

Anton,

Supu ya ini iko jikoni. Ipashe moto tu, usiiunguze.

Nakwenda dukani kuubadilisha ule ubao wa kutelezea kwenye theluji. Jana nilimwambia muuzaji kwamba ndiyo kwanza najifunza, wewe ukadakia: "Mpe huo mrefu, mgumu, wa mabingwa. Atauzoea." Ahsante, mume wangu. Leo asubuhi ubao wako umenibwaga kwenye kilima cha watoto, mbele ya chekechea nzima, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini.

Nitachukua mfupi, laini, unaomvumilia mwanafunzi. Angalau nyumbani patakuwa na mvumilivu mmoja.

~~Usinifuate.~~ Njoo kilimani mchana, unishike mkono. Ukicheka tena, utajipikia mpaka theluji iyeyuke.

Mkeo,
Roswitha