Liwa Kwenye Vitufe vya Simu

KITUO CHA POLISI, MORONI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Inzoudine Charif. Umri: miaka 19. Kazi: fundi simu, soko la Volo Volo (hodari kuliko wote pale, naomba iandikwe hivyo). Makazi: Badjanani, hapa Moroni; kwetu ni Mutsamudu, kisiwa kingine.

Mnamo tarehe 12 Februari 2008, asubuhi, nilikuwa Mutsamudu kwa mama yangu mdogo, Nassima, muuza vitambaa. Laini ya simu yake ilikuwa na namba za watu waliomficha mjomba Saindou. Askari wa waliojitenga na serikali ya Moroni walikuwa wakimsaka.

Laini hiyo niliifunga mimi kwa namba ya siri. Ukikosea mara tatu, inajifunga, na haifunguki ila kwa namba nyingine ndefu. Mama mdogo alitaka namba nyepesi. Nikamwambia, "Nyepesi kwako, nyepesi kwa mwizi."

Akajibu, "Na nzito nikiisahau, mwizi wangu ni wewe!"

Tukapatana: tarakimu nne azipendazo, ila moja aibonyeze mara mbili. Alininung'unikia wiki nzima.

Usiku huizima simu kutunza chaji. Asubuhi hiyo alikuwa ameiwasha huku anajipaka liwa, ule msandali wa njano, usoni. Mlango ukagongwa, akaizima tena. Wakaingia askari wawili. Mmoja akaiwasha, ikadai namba.

"Nimesahau, mwanangu," mama mdogo akasema.

Askari akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akacheka. Vitufe vinne vilikuwa na njano ya liwa. "Bibi ametuandikia mwenyewe!"

Akabonyeza vinne. Ikakataa. Akavipanga upya. Ikakataa. Shati langu lililowa jasho, lakini mdomo wangu nao hauna breki. Nikasema, "Kaka, njoo Volo Volo nikufundishe." Akanizaba kofi, akajaribu mara ya tatu, vinne vilevile. Laini ikajifunga.

Nikajigamba kwamba mimi fundi, nitaifungua, ila vifaa viko kwa rafiki bandarini. Akanitupia simu. "Adhuhuri isikupite. Huyu tunaondoka naye."

Mama mdogo akajitanda kitambaa chake cha shiromani. Shavu moja lilikuwa na liwa, la pili halina. Akaniambia, "Kazi nzuri haiharakishwi, baba."

Nilimwelewa: nisirudi. Niliteremka vichochoro hadi bandarini, nikapata boti ya kwenda kisiwa cha Mwali, na kutoka huko nikafika hapa. Sikurudi. Alipo sasa sijui, na ndiyo sababu nimekuja.

Afisa Djoumoi ameniuliza namba ndefu ya kuifungulia laini. Ninayo kichwani. Nimemjibu kwamba majina yale si yangu. Mleteni mwenye simu, aseme yeye.

Niliyoyaona ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali.

(Sahihi) Inzoudine Charif

Maelezo ya afisa: Shahidi amekataa kutaja namba. Simu imehifadhiwa kama kielelezo. Alipotoka alifika mlangoni akicheka, kisha akarudi kuomba tusiifute ile liwa kwenye vitufe.

(Sahihi) Djoumoi