Wembe kwenye Shingo ya Baba

Umoja One,
Nairobi.
16 Juni 2024

Mpendwa ndugu yangu Mulama,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Hujambo? Joto la Doha linasemaje, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua baada ya zamu? Sisi tuko salama. Mvua imekwisha na baridi imeingia. Binti yangu Lorraine sasa ananipita kwa urefu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu siku hizi Baba anapekua simu yangu. Barua hii nampa jirani yetu Teresiah, anayerudi kazini huko Alhamisi. Nimeifunga kwa selotepu. Ukikuta imebanduliwa, niambie.

Baba anatembea kwa mkongojo, ila mkono wa kulia haujapata nguvu tangu alipopooza. Kilichomshinda ni ndevu. Unajua mashine ya kunyolea humletea vipele, na miaka yote amekuwa akinyolewa na Tobias kule Shauri Moyo, kwa ule wembe wa kukunja. Sasa yeye hawezi kushuka ngazi zetu, na Tobias magoti yake yamekataa kuzipanda. Nikaamua kujifunza mimi.

Jumamosi nne mfululizo nilikwenda kwa Tobias. Siku ya kwanza alinipa puto lililopakwa povu la sabuni ninyoe lile povu. Nilipasua matatu. Akanifundisha kuunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, mgongo wa wembe ukitangulia, na kuvuta ngozi ya uso kwa mkono wa kushoto. "Wembe ulale," alikuwa akiniambia. "Ukiusimamisha, utakata. Na usikimbizane na ndevu, zifuate zinakoelekea." Jumamosi ya nne aliketi mwenyewe kwenye kiti akanipa uso wake. Nilimchuna kidogo tu chini ya sikio. Akanipa wembe wake mmoja wa zamani nije nao.

Baba alipouona aliuliza, "Nani amekutuma?"

Nilimwambia sikutumwa na mtu. Alikubali nimpake povu, lakini wembe ulipokaribia kidevu alijivuta nyuma. Akaniambia niufunge, akauchukua, akaenda kuuweka chini ya mto wake. Ndevu zikabaki.

Tangu siku hiyo, kila jioni aliniuliza, "Ng'ombe wangu wanaendeleaje?" Nikijibu kwamba wanaendelea vizuri, ananitazama mdomo. Wewe unajua tulichokifanya, Mulama. Januari, hospitali ilipokataa kumruhusu atoke kabla ya bili kulipwa, tuliuza wote watatu kule kijijini tukakubaliana asiambiwe mpaka apate nguvu.

Basi nikakushuku wewe. Ile Jumapili ulipompigia, alijifungia chumbani. Nasema ukweli, alipolala nilichukua simu yake nikaangalia: mlizungumza dakika kumi na moja. Wiki hiyo hiyo ndipo alipoanza kupekua mkoba wangu. Nikasema moyoni, Mulama amenichongea, ametaka aonekane yeye ndiye mtoto mwema. Ndiyo sababu sikupokea simu zako kwa wiki tatu. Haikuwa shida ya mtandao.

Jumamosi ya tarehe nane alitaka kujiandaa kwa ibada ya shukrani ya wazee, ambayo vijana wa kanisa waliahidi kumshusha ngazi kwa kiti aihudhurie, na hakuwa tayari kuonekana kanisani na ndevu zile. Alitoka chumbani akiwa na wembe mkononi. "Mashavu," akasema. "Shingo tutaona."

Nilimfunika uso kwa taulo la moto, nikapaka povu, nikaanza. Mashavu yalikwenda vizuri. Nilipofika kooni akanishika kifundo cha mkono.

"Baba, ukinishika nitakukata."

Akaniachilia, akaangalia dari. Kisha akauliza, "Ng'ombe wangu wako wapi?"

Safari hii hakuuliza kama wanaendelea vizuri. Wembe ulikuwa juu ya ngozi yake na niliona mshipa ukipiga karibu na makali. Niliwaza niinue mkono kwanza, nikaogopa kwamba nikiuinua nitapata nafasi ya kutunga uongo mwingine. Nikauacha pale pale.

"Tuliuza, Baba. Wote watatu. Mimi na Mulama. Hospitali haikutaka utoke."

Nikamuuliza kama niache.

"Umebakisha upande wa kushoto," akasema. "Maliza."

Nilimaliza, na hakutoka hata tone la damu. Alijipapasa kidevu, halafu akaniambia alijua tangu mwezi wa nne. Mtu wa kijijini alimwambia. Siku ile ya dakika kumi na moja alikuuliza wewe, nawe ukamwambia yule fahali amenenepa.

"Mtu anayenidanganya usoni," akasema, "nitampaje shingo?"

Nisamehe, ndugu yangu. Nilikushuku kwa kosa ambalo hukulifanya, kumbe kosa lako lilikuwa sawa na langu. Lakini sijui kama amenisamehe. Wembe bado analala nao. Jana alinipa nimnyoe tena, akafumba macho nilipofika kooni, na nilipomaliza akanyoosha mkono arudishiwe.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, atakupigia. Ameniagiza nisikuonye, ndiyo maana nakuonya kwa barua. Atakuuliza tena habari za ng'ombe. Tafadhali, usimwambie wanakula vizuri.

Lorraine anakusalimu sana, vilevile mama Kavinya wa mlango wa pili na Tobias, anayesema ukirudi uje na kidevu chako akione. Mungu akulinde kazini, akupe usingizi mwema, na akupe ujasiri wa kujibu simu hiyo.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata wiki zile tatu,

Nekesa