Zima, Gusa, Pima

Jumapili, 11 Januari

Leo tena Kariakoo mpaka Feri na kurudi. Watu arobaini, fulana za kijani, ngoma moja. Sauti: mimi. Bila mimi klabu yetu ya jogingi ni msiba unaotembea. Nikitupa mstari, wanaitikia mpaka wakaanga samaki wanasahau mafuta. Wameniita Spika. Sikuomba.

Supu na chapati mbili. Ya tatu ilikuwa ya Kaka Idi, aligeuka kidogo tu. Ndiye kapteni wetu, anauza mabeseni mtaa wa pili.

Keshokutwa naanza chuo cha ufundi umeme. Wamenichukua na divisheni foo yangu ya kidato cha nne. Chuo kina bahati.

Jumanne, 13 Januari

Nimekaa nyuma. Saa mbili mpaka saa tisa sijasema neno. Mimi! Mwalimu wetu, Madam Tatu, ni mfupi, anaongea polepole kama anachambua mchele, na darasa zima kimya. Wenzangu wanaandika kama wanafukuzwa. Daftari langu lina jina langu na picha ya feni.

Feni ya nyumbani, hiyo. Soketi yake ilikufa mwezi uliopita, Mama anajipepea na kifuniko cha ndoo. Kaniuliza chuo vipi. Nimemwambia wamenikubali balaa.

Uongo.

Ijumaa, 16 Januari

Mtihani wa vitendo tarehe nne Februari. Kubadilisha soketi, hatua tisa kwa mpangilio. Ukikosea mpangilio, umefeli. Ukifeli, unarudi kwenu, nafasi anapewa mwingine.

Nimezisoma mara kumi. Ya kumi na moja zimeyeyuka. Kitu kikikaa kimya kwenye karatasi hakiingii kichwani mwangu, basi tu.

Jumapili, 18 Januari

Angalau kuna kukimbia. Nikivaa fulana ya kijani nakuwa mtu tena.

Kaka Idi kwenye supu: "Mdogo wangu, kikikushinda njoo kwangu. Mabeseni hayana mtihani." Wamecheka wote, na mimi kuliko wote. Imeniuma. Kwa sababu jana nilishawaza hivyo hivyo. Sitaki mabeseni. Nataka siku moja mtu apige kelele "fundi!" na nigeuke mimi.

Ila sikia. Wakati wa kurudi, pale Mnazi Mmoja, nyimbo ziliniishia, nikatupa hatua za Madam kwa utani. "Zima swichi kuu!" Wakaitikia. "Gusa waya!" Wakaitikia. "Pima, pima, pima!" Ngoma ikakolea. Nilizipanga upya kidogo ili miguu ikubali, maana pima ni tamu kumalizia. Mpaka Kariakoo hatua zote tisa zimo kichwani. Sijashika daftari.

Kipaji.

Alhamisi, 22 Januari

Nilikuwa naimba chini chini kwenye foleni ya chai. Jigi kanisikia. Kijana wa Upanga, viatu vyeupe kama meno ya tangazo. Naye hatua zinamtoroka, kumbe. "Nifundishe basi, bwana." Nikamwambia darasa langu halina viti. Jumapili, alfajiri, Kariakoo. Njoo na mapafu.

Jumapili, 25 Januari

Wamekuja tisa! Tisa kutoka darasani! Jigi alifika Feri anahema kama pampu ya baiskeli, tukampa ngoma abebe, akazidi kuhema. Lakini wimbo wameushika. Mpaka wafagiaji wa sokoni wanaitikia.

Chuoni sasa nakaa katikati. Nina mdomo tena. Madam kaniambia ninyamaze mara mbili wiki hii. Raha.

Jumatano, 4 Februari

Siku mbaya.

Aliyeanza ni Jigi. Kazima swichi kuu vizuri, kisha mkono huyo kwenye waya. Madam: "Simama hapo." Sifuri. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu. Wa nne. Madam kaweka kalamu chini. "Nani kawafundisha kugusa waya kabla ya kupima kama una umeme?"

Jigi anatazama dari kama anatafuta mbu. Hawakunitaja. Hata mmoja.

Nilikuwa wa kumi. Kwa swali lile nilishaujua mpangilio. Ningekaa kimya ningepita, na wao wangerudi kwao kwa wimbo wangu. Nikanyoosha mkono. Madam kasema niimbe. Nikaimba, sauti imebaki robo.

"Bahati yenu ubao huu wa mazoezi hauna umeme," kasema. "Ungekuwa nao, wewe leo ungeimbia wapi?"

Nikavitazama vidole vyangu kumi.

Mtihani unarudiwa Jumatatu, kwa wote. "Uliowapoteza, uwarudishe. Akikosea mmoja, unaondoka naye."

Jumapili, 8 Februari

Wimbo ukishaingia miguuni hautoki kwa adabu. Nasema "pima", watu arobaini na wale tisa wa chuo wanajibu "gusa". Kaka Idi kaweka sheria: ukigusa kabla ya kupima, pushapu kumi. Wa kwanza kupiga: Kaka Idi. Tumecheka mpaka ngoma ikasimama. Mnazi Mmoja bado wanakosea. Feri bado wawili. Wakati wa kurudi nikaugeuza mwisho: "Pima, pima, pima, ndipo uguse!" Jigi kaupigia ngoma pigo jipya. Kariakoo tumeingia safi, hakuna aliyekosea.

Naogopa kesho. Nimeandika, basi.

Jumatatu, 9 Februari

Wote tumepita, kumi kwa kumi. Midomo ilikuwa inacheza kama ya watu wanaosali, Madam kajifanya haoni. Mimi wa mwisho. "Spika," kasema, "kaa mbele kuanzia kesho, nikuone."

Nimerudi nyumbani saa kumi na soketi mpya mfukoni. Mama kanishikia tochi. Nikazima swichi kuu. Nikapima. Nikapima tena. Nikaimba chini chini, mstari mmoja mmoja, ndipo nikagusa.

Nilipowasha, feni ikazunguka. Mama kanitazama, halafu kakiweka kifuniko juu ya ndoo yake.