Samli ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Mei 1954

Nimeng'oa tena nywele za kidevu kabla Shabani hajaamka. Zinaota ngumu kama za mwanamume. Kisha uji wa samli, bakuli zima, mama mkwe kasimama mlangoni ahakikishe nimemaliza. Anasema tumbo langu limepoa, litaamshwa na mafuta. Hedhi sijaiona tangu kabla ya mvua. Mtoto sina. Majirani hapa Gongoni wanamsifu mume wangu: mkewe kanona, hatoki nje, hachoti maji. Heshima hiyo. Magoti yanayoibeba ni yangu.

Ijumaa, 7 Mei

Hospitali. Shabani kakubali kwa kuwa ni habari ya mtoto. Daktari ni mwanamke wa Kizungu. Kasema mayai yangu hayakomai inavyopasa, na uzito unayazuia zaidi. Ndevu na kukosa hedhi ni ugonjwa mmoja. Dawa hana. Nipunguze samli na sukari, nitembee, nifanye kazi ya mwili. Mama mkwe alipoambiwa alicheka. Eti daktari mwenyewe mkavu kama kuni, atamfundisha yeye nini?

Jumapili, 16 Mei

Nimetoka baada ya sala ya alfajiri, bila ruhusa. Nimekwenda kwa shangazi kung'oa karanga, kwa njia ya zamani ya misafara iendayo Kwihara. Bibi zetu waliipita hii hadi pwani, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Mimi nimekaa chini mara kwa mara kupumua. Nimeona aibu, kisha hasira. Nani alinifanya hivi? Nilipoolewa nilikuwa nalima.

Jumatano, 9 Juni

Naenda shambani kwa shangazi kila alfajiri, na nguo zinanilegea. Basi maneno yameanza: Shabani kaishiwa, mkewe anakonda. Jana kanifokea. "Unaniaibisha! Watu watasema sikulishi." Ndiyo hoja yake yote. Si afya yangu, si tumbo langu. Watu! Nikamwambia kesho nitakwenda tena. Kaondoka bila kunywa chai. Mama mkwe naye kapata la kusema: kuna msichana Nzega, wa ukoo wao, na nisiposhika mimba kabla ya vuli, posa itapelekwa.

Jumamosi, 26 Juni

Nimeonja mchicha, mdomo ukateleza. Mama mkwe anatia samli kwenye mboga yangu nikiwa shambani! Mtu mzima, ananiibia mwili wangu kwa mwiko. Nimemwaga chungu chote mbele yake. Kasema nina laana. Sasa napika changu mwenyewe, maharage na mlenda, nakula jikoni peke yangu. Sijuti hata kidogo.

Jumanne, 20 Julai

Damu! Yenyewe, bila mizizi ya mganga. Nimelia chooni kwa furaha. Nikamwambia Shabani, naye akakimbia kumwambia mama yake. Na yule mama, bila haya, katangaza ukumbini: "Si nilisema? Samli imefanya kazi." Wageni wakampongeza. Shabani akatikisa kichwa kukubali. Jasho langu lote, vumbi lote la njia ile, halina mwenyewe.

Alhamisi, 19 Agosti

Damu imekuja tena. Mimba bado, na hawakungoja vuli. Shabani karudi jana kutoka Nzega, posa imekubaliwa. Kaniambia akiwa ameinamisha kichwa. Inaniuma, sitajidanganya. Lakini nimelala vizuri, na leo nimekwenda shambani kama kawaida. Shangazi kanikatia kipande cha ardhi, nitakilima mwenyewe mvua zikianza. Shabani hajakataza. Nadhani ameona aibu.

Wanasema huyo msichana ni mwembamba, mchangamfu, na kwao analima. Hana kosa. Chumba chake wanakipaka chokaa, na mama mkwe ameagiza komeo jipya la mlango, huyu asije akatoka kama mimi. Akija, nitamgongea alfajiri. Akitaka kutoka, tutatoka wote.