Sinema Zako Hazikuwa na Msiba

Kaka yangu,

Habari za huko sikuulizi, maana hata ungenijibu nisingekuamini. Ungesema ni kuzuri, hakuna baridi, watu wanakula wali kila siku na wewe umepewa kiti cha mbele. Nakujua. Kwa hiyo salamu tuziache, nikwambie kilichonifanya nikuandikie wewe, mtu niliyemzika mwaka jana.

Mama anaumwa. Jana nilimpeleka hospitali Kibondo, na leo nimekaa hapa uani kwetu Busunzu, upande ule wa migomba ulikokuwa unapenda kukaa. Yeye yuko ndani, kageukia ukuta. Hajala tangu jana na mimi hanisemeshi. Nitafika huko. Lakini nina ya kukulaumu kwanza, na safari hii huna namna ya kunikatiza.

Unalikumbuka banda lako la video, kule nyuma ya soko la Kibondo? Mabenchi ya mikaratusi, turubai juu na kuzunguka, na wewe umesimama pembeni ya televisheni na maiki yako. CD zilizotafsiriwa tayari hukuzitaka. Ulisema wale watafsiri wa mjini wanapiga kelele kuliko bunduki zenyewe. Ulinunua zisizotafsiriwa, ukaziangalia peke yako mchana, jioni ukatutafsiria mwenyewe, Kiswahili na Kiha humo humo. Kiingereza chako kilikuwa cha kidato cha pili, na Kihindi hukujua hata salamu. Nani alijali? Watu walijaa mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu ya turubai.

Kuna ile ya baba aliyetoka gerezani akakuta nyumba yake tupu. Anazunguka vyumbani, anagusa kitanda cha mtoto, anakaa sakafuni, analia. Ukasogeza maiki, ukasema, "Hayo ni machozi ya furaha. Jirani kamwambia wamehamia Kasulu, mkewe kapata kiwanja karibu na chuo cha ualimu." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama siku hiyo alikuwa benchi la mbele na kitenge chake cha kanisani. Nilipokuja likizo akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye ninayeishi Kasulu, kama wale watu wameshazoea mji. Nikauliza watu gani. "Wale wa kwenye televisheni." Ukanikonyeza. Nikamwambia wamezoea, na maharage yao yamestawi.

Nilicheka, lakini unajua kwamba jambo lile tulilibishania miaka yote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na napenda riwaya zinazoua watu. Ulikuwa unanikuta jikoni, kitabu mapajani, kamasi zinanitoka, sufuria inaungua. Kuna moja ya mwanamke aliyezika watoto wake wote, na kesho yake akaamka kwenda kisimani kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Niliisoma mara mbili na mara zote mbili nilishindwa kula. Ukaninyang'anya, ukafungua ukurasa wa mwisho, ukasoma kwa ile sauti yako ya bandani: watoto wanarudi, wamebeba mchele, mdogo kabisa ana viatu vipya.

"Haijaandikwa hivyo," nikasema.

"Mwandishi alikuwa amechoka. Nimemsaidia."

Nikakasirika kweli. Nikakwambia kitabu kinachodanganya kuhusu kifo kinamdharau msomaji, msomaji si mtoto. Ukanijibu, "Si mtoto, lakini kesho asubuhi ana jembe." Ukanirudishia kitabu changu ukaenda zako kulala.

Halafu kila mtu akawa na simu, na banda likafa. Deki ilipoharibika uliifungua, ukatoa kile kilenzi kidogo kinachosoma CD, hakizidi punje ya dengu, ukakibandika na plasta kwenye kamera ya simu yako. Ukarudi Busunzu kwa Mama. Ulisema unapumzisha tumbo, daktari kasema ni vidonda vya tumbo, uachane na pilipili. Ndipo picha zikaanza kuingia kwangu Kasulu.

Mungu wangu, zile picha. Kilenzi kile kilikulazimisha ukisogelee kitu mpaka pumzi yako ikifikie, na wewe ulikuwa na subira ambayo sikuwahi kuiona kwako. Jicho la kinyonga kwenye mti wa kahawa. Miguu ya buibui, ina manyoya kama soksi za mtoto. Tone la umande kwenye jani la mgomba, na ndani yake nyumba yetu yote imepinduka, mlango juu, bati chini. Nimekulia kwenye uwanja huu, nimefagia hapa miaka yote ya utoto, na sikujua kwamba vitu hivyo vinaishi na sisi.

Na chini ya kila picha, tafsiri yako. Ulituma ya vunjajungu kamshika nzi kwa mikono miwili, kichwa cha nzi kimeshaliwa nusu. Ukaandika: "Anamnong'oneza siri." Niliwaonyesha walimu wenzangu ofisini, tukacheka mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza kuna nini.

Kila nilipouliza afya yako, ulijibu daktari anasema unaendelea vizuri. Nikisema nakuja, unasema maliza kwanza mitihani ya watoto, mimi nipo. Mvua zilipoanza nikapigiwa simu kwamba umelazwa. Nilipofika Kibondo ulikuwa umeshafunikwa. Daktari alinieleza pale pale kwenye korido, kwa upole, akidhani najua: lilikuwa ini, lilikuwa limeshaharibika, na wewe uliambiwa yote tangu kiangazi. Akasema walitaka kumwita ndugu aelezwe. Ukawakatalia. Uliwaambia nyumbani utaeleza mwenyewe.

Ukaeleza kweli. Ulikuja ukatutafsiria.

Kwenye matanga mzee mmoja akasema mficha maradhi kilio humfichua, na watu wakatikisa vichwa. Nilitaka kumtupia kikombe cha uji usoni, kwa sababu alikuwa sahihi. Miezi ile yote ningekaa na wewe hapa uani. Ningekushikia tawi lisitikisike wakati unapiga picha. Ningekwambia mambo ambayo mtu humwambia kaka yake mara moja tu, au ningenyamaza na wewe ukajua kwa nini nimenyamaza. Hukunipa nafasi hiyo. Ulinipa vunjajungu.

Likizo iliyofuata nikazitafuta zile filamu zako, nikaziangalia kwenye simu, moja baada ya nyingine, nikisoma maandishi ya chini. Yule baba wa gerezani, familia yake iliungua na nyumba ya bibi yao. Hakuna aliyehamia Kasulu. Yule bondia uliyesema amelala kidogo tu kwa uchovu, hakuamka. Yule binti uliyesema kapanda treni kwenda kusoma, treni ile haikuwa ya kwenda kusoma. Kila moja ina msiba ndani yake, Kaka, kila moja, na sisi tulitoka bandani tunapiga miluzi.

Tangu hapo vitabu vimenishinda. Mimi! Nikifika mahali mtu anakohoa, nafunga. Muhula mzima nimefundisha riwaya ya huzuni kidato cha nne, wasichana wa benchi la mbele wanafuta machozi, na mimi nauliza maswali ya dhamira na wahusika kama naita mahudhurio. Simu yako ninayo, na kilenzi bado kimeng'ang'ania kwenye plasta. Asubuhi ya leo nimejaribu. Kuna kindege kinachonyonya maua ya mgomba, kile cha mdomo uliopinda. Kimeniona nikiwa mbali, kikaondoka. Nikajaribu jani, nikajaribu siafu, vyote vimetoka ukungu. Nikiinua macho naona migomba, choo, na kamba ya nguo. Sijui ulikuwa unaona nini.

Sasa nikwambie ya jana.

Niliapa kwamba katika nyumba hii hakuna mtu atakayetafsiriwa tena maisha yake. Mama tumbo limekuwa likimvimba, amekonda mabega, nikampeleka. Daktari akatoka na majibu, akayasema kwa kile Kiswahili chao cha haraka, akiniangalia mimi juu ya kichwa cha Mama. Uvimbe umeenea. Upasuaji hautasaidia. Nendeni nyumbani, tutampa dawa za kutuliza maumivu. Mama Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei na salamu, hayo yote yalimpita. Alikuwa ananiangalia mdomo, shingo ameinyoosha, vile vile alivyokuwa anakuangalia wewe kutoka benchi la mbele.

"Avuze iki?" akaniuliza. Amesema nini?

Nikamwambia. Kwa Kiha, taratibu, neno kwa neno, sikuongeza na sikupunguza. Nilimshika mkono. Nilisema mpaka lile neno la mwisho ambalo sikudhani mdomo wangu una uwezo wa kulitamka mbele ya mama aliyenizaa. Nilijisikia nimefanya jambo la heshima, na moyoni nikakwambia wewe: umeona? Inawezekana.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akajifunga kitenge vizuri. Akasema, "Kaka yako angenieleza vizuri."

Hajasema kitu kingine mpaka sasa.

Sijui alikuwa na maana gani. Pengine siku zote alijua unadanganya, na alikuja bandani kwa ajili hiyo. Pengine hata ulipokuwa umekaa naye hapa miezi ile, alikuona unavyoisha, akauliza, ukamtafsiria, akashukuru. Nimekwenda kitandani kwake na uji nikamwambia madaktari nao hukosea, tunaweza kujaribu hospitali kubwa. Nilijisikia nilivyo mbovu wa kazi hiyo. Hakugeuza hata kichwa. Mtu aliyeanza na ukweli, uongo wake nani ataununua?

Miaka yote ile nilikuwa sahihi, Kaka, na sijui niupeleke wapi usahihi wangu. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: Mama asiondoke kama ulivyoondoka wewe. Nilitaka apate muda wa kutuaga.

Muda anao. Hataki kuutumia na mimi.

Nakuacha hapo. Nina hasira na wewe, na ningetoa chochote usimame leo mlangoni kwake badala yangu.

Mdogo wako